Mwenyekiti Hatoki Kiotani

Mimi ni fundi viatu. Nafanyia kazi nyumbani, kibarazani, nimekaa kwenye kigoda. Asubuhi nafungua kwanza mlango wa banda la kuku, nawamwagia pumba, nabadilisha maji. Halafu ndiyo natoa sindano, uzi na gundi. Zamani kazi ya kuku ilikuwa ya mke wangu. Alipofariki, kuku walibaki, na mimi nikabaki nao.

Kati ya uani kwangu na uani kwa shemeji yangu kuna ukuta wa mabati tu. Shemeji huyo ni mdogo wa marehemu. Yeye anashona nguo. Watu wanamwita Mama Pindo, kwa sababu hajapata kuona suruali asiseme pindo lake limekaa vibaya. Anafuga kuku pia. Wa kwake ni wa kisasa, weupe watupu. Wa kwangu ni wa kienyeji, walioachwa na dada yake.

Kuku akishataga hutetea. Hupiga kelele mpaka mtaa mzima ujue. Basi kila asubuhi, upande wa pili wa mabati, kuku wa Mama Pindo walikuwa wanatetea mmoja baada ya mwingine. Kwangu kimya. Napigilia misumari kwenye soli, zile kelele zinaniingia sikioni, naona kama ni mimi ninayesemwa.

"Shemeji!" Mama Pindo huniita. "Umemsikia huyo?"

"Nimemsikia. Sijaziba masikio."

"Kwako vipi leo?"

"Kwangu wanafikiria."

"Wanafikiria! Basi wako ni wasomi, shemeji. Wangu hawajasoma, wanataga tu."

Anacheka, cherehani inaendelea kulia. Mimi nagonga msumari, msumari unapinda.

Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Baada ya msiba, ndugu wa mke wangu walikaa kikao. Kaka yao mkubwa ndiye aliyesema. Wengine walitikisa vichwa.

"Kuku hawa ni jasho la dada yetu," alisema. "Shemeji akae nao. Lakini nikija nikakuta banda limekufa, mdogo mtu atawachukua."

Jogoo aliondoka siku ileile. Mama Pindo alisema yeye ndiye aliyemnunulia dada yake. Mimi sikuulizwa. Wenye kauli ndivyo walivyo. Kikao chao, uamuzi wao, lakini wa kununua pumba ni wewe.

Kuku waliobaki ni wanne. Mke wangu alikuwa amewapa majina mazuri. Mimi niliyabadilisha, maana kila nikiyataja nilikuwa namsikia yeye. Yule mwekundu mnene nikamwita Mwenyekiti, kwa kuwa lazima ale wa kwanza. Yule mweusi nikamwita Katibu, kwa kuwa alimfuata Mwenyekiti kila mahali. Wawili wenye madoa ni wajumbe.

Siku moja nilifungua banda, wajumbe wakatoka, Katibu akatoka. Mwenyekiti hakutoka. Alikuwa kwenye kiota, ndani ya lile boksi la mbao, amejibana kwenye kona. Nikasema labda anataga. Mchana nikarudi, bado yupo. Jioni yupo. Kesho yake yupo vilevile.

"Baba, huyu anaumwa," alisema binti yangu. Binti yangu anafanya kazi kwenye duka la mikate. Huondoka asubuhi na kurudi alasiri.

"Ameridhika na kiti," nikamwambia. "Wenyeviti wote wako hivyo."

"Baba, mimi sitanii. Mpigie bwana mifugo."

Nikampigia. Simu iliita mpaka nikachoka. Ilipopokelewa, nikasikia watu wengi wanaongea nyuma yake.

"Sema haraka, niko kwenye kikao," alisema bwana mifugo.

"Nina kuku anayelala tu mchana kutwa. Haamki."

"Analala?"

"Analala."

"Wengine je?"

"Kuna mwingine naye ameanza."

"Nenda duka la dawa za mifugo. Waambie kuku wanalala, watakupa unga wa kutia kwenye maji. Wape wote."

Akakata. Nikanunua unga. Nikawatilia kwenye maji. Maji yakawa ya njano. Wajumbe wakanywa. Mwenyekiti alitoka mara moja, akanywa, akala haraka kama mtu anayewahi zamu, akarudi kiotani. Katibu naye akapanda boksi la pili, akakaa. Dawa ikaisha. Wakubwa wale wawili wakabaki wamekaa.

Hapo ndipo wivu uliponipanda vizuri. Asubuhi moja nilimsikia mjumbe mmoja anatetea. Nikaacha kiatu cha watu, nikakimbia bandani. Nikatazama boksi la tatu, tupu. Nikatazama chini, tupu. Nikatazama nyuma ya debe la pumba, hakuna kitu. Na yule mjumbe amesimama hapo uani anajitangaza.

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Kelele ipo, yai hakuna.

Nikazunguka uani. Chini ya mabati nikaona uwazi, kuku anapita bila kuinama. Na upande wa pili nikaona mtama umemwagwa. Basi nikaelewa. Yaani nilidhani nimeelewa.

"Mama Pindo!" nikaita.

"Abee, shemeji."

"Mtama huu unamwagia nani hapa ukutani?"

"Kuku wangu."

"Kuku wako wanakula ukutani? Hawana chombo?"

Cherehani ikanyamaza. Akaja mpaka kwenye mabati. Namuona jicho moja tu, kwenye tundu la msumari.

"Unataka kusema nini, shemeji? Sema."

"Kuku wangu wanataga kwako."

"Wanataga kwangu!"

"Umemchukua jogoo, sasa unachukua na mayai. Ubaki nini? Njoo uchukue na pumba."

"Shemeji, mimi naokota mayai yangu mpaka kikapu kinajaa. Yako nitayafanyia nini?"

"Ndiyo hivyo. Kikapu kinajaa na ya kwangu."

Akasema polepole, na ile polepole yake ilinitisha kuliko kelele. "Nampigia kaka. Mwambie mwenyewe kwamba mimi ni mwizi. Na akija, aje na tenga lake. Kuku wa dada yangu hawatakaa kwa mtu ambaye hajui hata wanataga wapi."

Nilichukua mawe, nikaziba ule uwazi wote. Nilijua kaka mkubwa akija na tenga, harudi na tenga tupu. Na kuku wale walikuwa kitu cha mwisho pale nyumbani ambacho mke wangu alikishika kwa mkono wake kila siku, na ambacho bado kilikuwa kinapumua.

Wiki ile wachanjaji walikuwa wanapita mtaani kuchanja kuku dhidi ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza banda zima. Binti yangu alimkuta mmoja wao dukani, ananunua mkate. Akaja naye. Alikuwa mama wa makamo, ana chupa ya chai begani, ila ndani yake mna barafu na dawa ya chanjo. Mtaani wanamwita Dada wa Chanjo. Ana sauti kubwa. Akisema jambo mtu wa nyumba ya tatu anajibu.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza kabla ya kusalimia.

"Bandani. Analala."

"Nani kasema analala?"

"Mimi. Na bwana mifugo kanipa dawa."

Akainama, akachungulia boksini. Mwenyekiti akajitanua. Manyoya yakasimama, akawa mkubwa mara mbili. Akatoa sauti ya chini, ya kukoroma. Dada wa Chanjo akapeleka mkono, Mwenyekiti akaudonoa.

"Haya!" alisema Dada wa Chanjo, anacheka. "Huyu analala? Mzee, umewahi kuona mtu aliyelala anampiga mgeni?"

"Sasa anafanya nini?"

"Analalia. Huyu analalia mayai. Anaatamia. Wewe ulimwambia bwana mifugo kuku analala, na kuku anayelala ni mgonjwa. Kwa hiyo akakupa dawa ya ugonjwa. Ungesema analalia, angekwambia mengine."

"Angeuliza," nikasema. "Yeye ndiye analipwa kwa kuuliza."

"Angeuliza, ndiyo. Na wewe ungesema vizuri. Sasa njoo uone mwenyewe, ili siku nyingine usimtegemee mtu aliye kwenye kikao."

Akamtazama Mwenyekiti usoni. "Angalia macho. Yako wazi, makali. Kuku mgonjwa hufumba macho, mabawa yanaanguka, ukimshika anakubali tu. Manyoya hujikunja, kinyesi huwa maji, pengine puani kuna kamasi. Huyu je?"

"Huyu anataka kuninyofoa kidole."

"Umeona. Akitembea nje utamsikia analia kro, kro, kro, kama mwenye vifaranga tayari. Halafu anatoka mara moja kwa siku. Anakula, anakunywa, anaenda haja."

"Haja moja kubwa, inanuka hatari," akasema binti yangu.

"Hiyohiyo! Anaizuia asichafue kiota. Halafu anarudi. Sasa nipe kitambaa."

Nikampa kitambaa cha kung'arishia viatu. Akakizungusha mkononi, akapitisha mkono chini ya kifua cha Mwenyekiti, akamnyanyua taratibu. Akatuonyesha kifua. Hakikuwa na manyoya katikati. Ngozi ilikuwa tupu.

"Gusa."

Nikagusa. Ilikuwa ya moto.

"Manyoya ameyang'oa mwenyewe, mayai yapate joto la mwili," alisema. "Na upanga wa kichwani umepauka kidogo. Hiyo ni kawaida yake, si homa."

Lakini mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza. Nilikuwa naangalia ndani ya boksi. Pale chini alipokuwa amekaa Mwenyekiti kulikuwa na mayai. Mengi. Madogo yenye rangi ya chai, kama ya wajumbe.

Binti yangu alinitazama. Alitazama mabati, halafu akanitazama tena.

"Kuku wengine hupenda kutaga pale alipo mwenzao," alisema Dada wa Chanjo. "Wanamsogelea, wanataga ubavuni kwake, yeye anayavuta chini ya tumbo. Wewe huthubutu kutia mkono. Kwa hiyo unasikia kelele, yai hulioni."

Upande wa pili wa mabati cherehani ilikuwa imenyamaza kitambo. Sauti ya Mama Pindo ikatoka kwenye tundu la msumari.

"Kumbe hayapo kwangu!"

Nikajifanya nahesabu mayai.

"Sikusikii, shemeji! Kumbe yako wapi?"

"Yako hapa," nikasema.

"Hapo wapi?"

"Chini ya Mwenyekiti! Umefurahi sasa?"

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaja kwa mlango wa mbele, na mikono yenye vumbi la chaki ya kushonea, akasimama mlangoni mwa banda kuangalia. Alivyomuona Mwenyekiti amevimba mikononi mwa Dada wa Chanjo, kicheko kilimuisha. Alimtazama yule kuku kwa jicho la mtu anayeona nguo dirishani dukani.

"Anaatamia kweli," alisema. "Wangu hawajapata kuatamia hata mmoja."

"Wako ni wa kisasa," alisema Dada wa Chanjo. "Wengi wao hawaatamii kabisa. Wamechaguliwa kwa mayai tu. Ukitaka vifaranga kwa hao, itabidi uwe na mashine."

"Mashine nimeiulizia. Bei yake haishikiki."

"Basi hii hapa ni mashine ya bure. Inakula pumba."

Nilisimama wima. Sijui kwa nini, lakini nilijisikia mrefu. Mama Pindo ana mayai ya kujaza kikapu, lakini kitu hiki hana.

"Ila anakoroma tu, hatagi, inafaa umvunje moyo wa kuatamia," akasema Mama Pindo haraka, kama mtu anayekumbuka kwamba hakutakiwa kusifia. "Mzamishe kwenye ndoo ya maji baridi. Tulikuwa tunaona watu wakifanya. Au mfunge kamba mguuni, mfunike na tenga bila chakula."

"Hapana, hapana, hapana," alisema Dada wa Chanjo. "Kuku amekosa nini mpaka azamishwe? Atapata baridi, atapata hofu, na anaweza kufa. Kuatamia si ugonjwa wala si ukaidi. Ni mwili wake umebadilika. Unachagua moja kati ya mawili. Unataka vifaranga, au unataka mayai?"

"Vyote viwili," nikasema.

"Basi una bahati, wanaoatamia ni wawili. Mmoja mwache aangue. Mwingine mrudishe kwenye kutaga."

Alianza na mayai. Aliyatoa yote chini ya Mwenyekiti. "Haya hayataanguliwa. Hapa hamna jogoo. Yai lisilo na mbegu ya jogoo halitoki kifaranga, hata likilaliwa mpaka mwakani. Yameshalaliwa siku nyingi, na waliotaga walikuwa kwenye dawa. Kwa hiyo hayaliwi pia. Chimbieni. Na mayai mapya msile wala msiuze mpaka ipite muda ulioandikwa kwenye pakiti ya ile dawa. Binti, utasoma."

"Nitasoma, dada."

Roho iliniuma kuyazika mayai yale. Kama bwana mifugo angekuwa amemaliza kikao chake kwanza, yale mayai yangeliwa.

"Sasa," alisema Dada wa Chanjo, "tutafute mayai yenye mbegu. Nani ana jogoo?"

Mimi nilitazama paa la banda. Mama Pindo alitazama kucha zake.

"Nauliza tena. Nani ana jogoo?"

"Mimi ninaye," alisema Mama Pindo.

"Basi shida imeisha."

"Haijaisha," nikasema. "Kuku wangu awalee watoto wa kuku wake?"

"Na mimi nitoe mayai yangu yakakae chini ya kuku wa mtu aliyeniita mwizi?" alisema Mama Pindo.

"Sikukuita mwizi."

"Ulisema kikapu!"

"Kikapu si mwizi."

"Nyie watu," alisema Dada wa Chanjo, "mtagombana mpaka kuku aamke aondoke zake. Kuku haatamii kwa kuwangoja. Semeni ndiyo au hapana."

Binti yangu ndiye aliyeamua. Alisema vifaranga vigawanywe nusu kwa nusu. Tena jogoo, ambaye Mama Pindo alikuwa anamfungia bandani kwake, apitie ule uwazi aje kwetu mchana, ili mayai ya wajumbe na ya Katibu nayo yawe na mbegu siku za mbele. "Na Baba atayaondoa mawe yake," alisema.

"Nitayaondoa," nikasema. Mama Pindo alikubali bila kunitazama.

Mambo ya kufanya Dada wa Chanjo alituambia moja moja, na mimi nayasema hapa kama nilivyoyafanya. Mwenyekiti tulimhamishia kwenye boksi la peke yake, stoo, mahali pakavu penye giza kidogo, wenzake wasimsumbue. Boksi tuliliwekea majani makavu mapya. Kwanza alipakwa dawa ya unga ya chawa na utitiri, chini ya mabawa na shingoni, maana kuku anayeatamia hajisafishi sana na wadudu humnyonya mpaka anaacha mayai. Tulimhamisha jua lilipozama, kwa sababu mchana angekimbilia kiota cha zamani. Maji na chakula tuliviweka hatua chache na boksi, ili lazima anyanyuke.

Mama Pindo alileta mayai kumi. Alikuwa ameyachagua: masafi, ya siku za karibuni, yasiyo na nyufa. Hakuyaosha. Mengine yalibaki kikapuni, maana Mwenyekiti asingeweza kuyafunika yote, na yai linalochungulia nje hupoa. Kila yai alilichora mstari kwa penseli, ili yai jipya likiongezeka lijulikane, litolewe. Yote yaliwekwa wakati mmoja. Ukiyaweka leo mawili na kesho matatu, kifaranga wa kwanza atatoka, mama atamfuata, wengine watabaki ndani ya ganda.

Mwenyekiti aliyatazama. Akayavuta kwa mdomo, moja moja, akajitikisa, akakaa.

"Ameyakubali," alinong'ona Mama Pindo.

"Kuku wangu hachagui," nikasema.

Katibu alipelekwa kwingine. Hakuwa na mayai ya kulalia, na sisi tulitaka atage. Nilitengeneza kitundu cha mbao na wavu, hata sakafu yake wavu, nikakiinua juu ya matofali uani, penye mwanga na kivuli. Hamna majani wala kona ya kujibana. Maji na chakula vipo. Upepo unapita chini, ule moto wa kifua unapoa, mwili unasahau. Siku za kwanza alikoroma na kunisusia. Baada ya siku chache nilimfungulia. Alikwenda mbio kiotani. Nikamrudisha. Nilipomfungulia mara ya pili, alikwenda kuchakura na wajumbe. Hapo nikajua imekwisha. Na mayai ya viotani sasa naokota asubuhi na alasiri, nisiwape kuku wengine sababu ya kukaa.

Mwenyekiti alipokuwa amekaa kama wiki hivi, Dada wa Chanjo alirudi. Tukiwa stoo na mlango umefungwa, aliwasha tochi ya simu, akaishikiza kwenye yai. Ndani tuliona mishipa myekundu kama mizizi. Mama Pindo alinishika mkono bila kujua. Yai moja lilikuwa jeupe tupu, likatolewa. Tisa yakabaki.

Na katikati ya hayo, kaka mkubwa akaja. Alikuja na tenga, kama alivyoitwa. Alikuwa amepanda basi tangu alfajiri na hakuwa na muda wa maelezo.

"Banda kimya," alisema akiwa bado mlangoni. "Nilisema nini?"

"Kaka, kuna maelezo," nikasema.

"Maelezo nimesikia kwa simu. Kuku wanaumwa, mayai hayapo, unawatukana ndugu. Walete. Yule mwekundu aliyependwa na dada yuko wapi?"

Akaona mlango wa stoo. Akaufungua. Mwenyekiti akakoroma gizani. Kaka mkubwa akakunja mkono wa shati, akainamia boksi. Mbele ya mtu yule mimi huwa sina maneno. Ni mtu wa kusema, si wa kuambiwa.

"Usimguse!"

Haikuwa sauti yangu. Mama Pindo alikuwa amekuja mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nini?" alisema kaka mkubwa. "Si wewe uliyeniita?"

"Ndiyo, nilikuita. Sasa nakwambia usimguse. Ukimbeba kwenye tenga, umpandishe basi, barabarani atasusa. Mayai yatapoa. Kuna vifaranga mle ndani, kaka, nimeviona kwa macho yangu, vina mishipa."

"Vya nani?"

"Vyangu. Na vyake."

"Vyenu wote?"

"Wote."

Kaka mkubwa alinyanyuka. Alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Mlinitoa nyumbani alfajiri kwa ajili ya nini, sasa?"

"Kosa ni langu," alisema Mama Pindo. "Shemeji anamjua kuku huyu kuliko mimi. Ametengeneza na kitundu cha yule mweusi, nenda uani ukaone. Waache wakae."

Akaenda uani. Na Katibu, ambaye siku zote hakuwa akinisaidia kitu, alikuwa ametoka kiotani wakati huohuo, anatetea kwa nguvu zake zote. Kaka mkubwa alichungulia boksini, akatoa yai, bado la moto. Aliligeuza kiganjani. Akalirudisha.

"Wabaki," alisema. Aliondoka na tenga lake tupu. Alijaribu kunipa mashauri mlangoni kuhusu namna ya kufuga. Nikayaitikia yote.

Wiki ya tatu ilipotimia, ganda la kwanza likatoboka. Hatukumsaidia kifaranga kutoka. Dada wa Chanjo alikataza, maana damu iliyo kwenye utando wa ganda huwa bado haijamuingia yote. Walitoka wenyewe, tukawaacha chini ya mama yao mpaka wakakauka. Walitoka wanane. Tuliwapa maji kwenye kisahani kisicho na kina, tukatia vijiwe wasizame, na chakula cha vifaranga kilichosagwa. Dada wa Chanjo akaandika siku ya chanjo yao mlangoni kwa chaki.

Mama Pindo alitaka kuchukua wanne wake siku ileile. Alikuja na boksi la viatu, aliloazima kwangu mwenyewe.

"Wana siku moja," nikamwambia. "Bado wanahitaji joto la mama. Wakishaota manyoya mazima, utawachukua."

"Mpaka hapo watakuzoea wewe."

"Ndiyo."

"Watakuwa wanakukimbilia wewe."

"Si nawalisha?"

Alikunja uso. Niliona anavyojisikia, na nilikifahamu kile kitu vizuri. Nilikaa nacho miezi mingi. Akarudi nyumbani kwake, akaja na kiti na suruali ya mtu, akakaa uani kwangu anashona kwa mkono. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza kunguru. Siku ya kwanza alimsogelea Mwenyekiti, Mwenyekiti akamrukia na kumdonoa kidoleni.

"Kuku wa dada yangu mwenyewe!" alisema, ananyonya kidole. "Wewe hakudonoi."

"Mimi simshtui."

Nilimpa mtama kidogo mkononi. "Weka mkono chini. Usiunyanyue. Usiseme neno. Ngoja."

Akapiga magoti uani, yule mwanamke asiyejua kunyamaza, akanyamaza. Mwenyekiti alimtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la pili. Vifaranga walisogea kwanza. Halafu yeye mwenyewe akaja, akaanza kula mkononi mwa Mama Pindo.

Roho iliniuma, sitasema uongo. Nikamuongezea mtama.